Jina la Marehemu Katika Fedha

Siku moja tulikuwa tukiwafundisha wanafunzi habari za Kanisa la kale la Afrika ya Kaskazini. Tukafika mwaka 430, Askofu Augustino alipofariki katika mji wa Hippo, hali Wavandali wameuzunguka. Watu hao walivuka bahari kutoka Hispania mwaka 429, wakiongozwa na mfalme wao Geiseric. Na mwaka 439 wakautwaa mji wa Carthage, karibu na ulipo Tunis leo.

Tukawaonyesha picha ya sarafu ndogo ya fedha, ambayo wataalamu huihesabu kuwa ya Wavandali. Upande mmoja ina sura na jina la Kaisari Honorius. Upande wa pili, Roma kwa mfano wa mwanamke aliyeketi. Lakini Honorius alikwisha kufa mwaka 423.

Mtoto mmoja akauliza, “Mwalimu, fedha hiyo si ya uongo?” Nasi tukajibu upesi, “Naam, ni ya uongo.” Darasa likacheka, kipindi kikaisha.

Usiku jibu letu lilitusumbua. Kwa Kiswahili fedha ni madini, tena ni mali ya kununulia. Nasi tulikuwa tumechanganya chapa na madini. Sarafu ile haikuwa risasi iliyopakwa weupe, ilikuwa fedha. Geiseric aliteka Carthage, na mwaka 455 akaiteka nyara Roma yenyewe. Lakini imani ya mwuzaji sokoni haitekwi kwa upanga. Watu walikwisha kuizoea sura ya Kaisari, basi sura ile ikaachwa. Ndipo Gunthamund, aliyetawala toka 484 hata 496, akatia jina lake mwenyewe katika fedha, pamoja na alama za thamani: dinari 100, 50 na 25. Hata hivyo, sura yake ilivikwa mavazi ya Kaisari.

Asubuhi tulisimama mbele ya darasa, tukamwambia mtoto yule ya kuwa tulikosea, tukaeleza sababu. Ilikuwa vigumu kwetu, maana mwalimu hupenda kuaminiwa kwa cheo chake tu. Lakini cheo ni chapa ya kuazima. Tulipewa na waliotutangulia. Mwanafunzi akiipima sarafu yetu na kukuta si fedha, jina lililo juu yake halitatufaa kitu.