DAFTARI CHINI YA KITI CHA GARI



Leo naanza kwa kukiri. Miaka miwili iliyopita, baada ya ibada, dada mmoja wa kwaya alinipa daftari. "Pasta, ni hadithi nimeandika. Ukipata nafasi unisomee." Nikamwambia amina, nitasoma. Nikaliweka chini ya kiti cha gari. Lilikaa huko miezi saba.

Nililipata siku ya kuosha gari. Nikaketi juu ya ndoo nikasoma mpaka gari likakauka. Ilikuwa hadithi ya mama muuza omena anayefundishwa kusoma na mjukuu wake. Nikampigia dada simu. Akanyamaza kwanza, halafu akasema, "Hiyo niliacha, Pasta. Nilidhani ulisoma ukaona haya kuniambia ni mbaya."

Mpendwa, mimi huandika mahubiri, na watu huniitikia amina hata kabla sijamaliza sentensi. Yeye huandika usiku, watoto wakishalala, na hakuna wa kumwitikia. Kimya changu alikichukua kuwa jibu.

Unamkumbuka Baruku, mwandishi wa Yeremia? Wengi wetu humpita haraka. Aliandika gombo zima, mfalme Yehoyakimu akalikata vipande na kulitupa motoni, ikabidi aandike tena. Baruku alilalamika kwamba amechoka. Fungua Yeremia 45. Ni mistari mitano tu, sura nzima ya kumjibu mwandishi mmoja aliyechoka, tena kwa jina lake. Na hakupewa sifa za bure. Aliambiwa asijitafutie makuu. Lakini alijibiwa.

Hata huku kwetu yametokea. Mwaka 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, Kampala. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mwanafunzi huko, wakati huo akiitwa James Ngugi, na alimpa Chinua Achebe mswada wake asome. Achebe tayari alikuwa na jina kubwa. Angeweza kusema amechoka na safari. Aliusoma. Mwaka 1964 ukatoka kama riwaya, Weep Not, Child. Kila nikikumbuka hilo, naliona lile daftari chini ya kiti.

Nilimwomba dada msamaha. Akakubali tukae tena, lakini si ofisini kwangu, maana mimi nilishajionyesha ni msomaji wa aina gani! Sasa wako wanne: yeye, fundi wa nguo, mwalimu, na kijana wa bodaboda. Mmoja anasoma kurasa zake kwa sauti, wengine wanamwambia ni wapi walicheka na wapi walipotea. Juzi walimwambia mwalimu autupe ukurasa wake wa kwanza wote. Alinuna. Wiki iliyofuata alirudi bila huo ukurasa, na hadithi ikasimama. Kazi yangu mimi ni kuleta chai.

Kama una daftari umelificha chini ya godoro, au maneno yako yamelala kwenye simu, njoo Jumamosi saa tisa alasiri, chumba cha shule ya Jumapili. Beba kurasa mbili tu. Na kama kuna mtu alikupa zake ukamwambia utasoma, soma leo, umpigie kabla hujalala.

Wiki hii ni zamu ya dada. Amefika pale mama wa omena anapoandika jina lake kwa mara ya kwanza.