Mkono Unaoalika na Mkono Unaoburuta

Mwaka 2011, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu nchini Uingereza, nilimwumiza mwanamke bega katika ukumbi wa dansi. Sikukusudia. Hata hivyo, kwa muda mrefu niliamini kwamba kutokukusudia kulitosha kuniondolea lawama.

Dansi yenyewe ilikuwa Lindy Hop, mama wa mitindo mingi ya swing. Ilizaliwa na Wamarekani weusi wa Harlem, New York, mwishoni mwa miaka ya 1920. Nyumba yake kuu ilikuwa Savoy Ballroom, ukumbi uliofunguliwa mwaka 1926 na kufungwa mwaka 1958. Hapo weusi na weupe walicheza kwenye sakafu moja, ilhali Cotton Club, katika mtaa uleule wa Lenox, iliwaweka wasanii weusi jukwaani na kuwafungia mlango wateja weusi. Historia hiyo ndiyo iliyonivuta. Nikiwa mgeni mpweke katika mji wa baridi, nilijiona nimerudi kwenye jambo la watu wangu, nami nikajitwalia haki za mwenyeji. Mcheza kwao hutunzwa, lakini mimi sikuwa kwetu, na hata kucheza nilikuwa sijajua.

Ukumbi ule ulikuwa na adabu zake, ambazo wenyeji walizifuata bila kuzibandika ukutani. Yeyote aweza kumwomba yeyote, mwanamume au mwanamke, mahiri au mwanagenzi. Unaomba kwa maneno, kisha unasubiri jibu. Ukiambiwa hapana, unashukuru na kuondoka. Hudai sababu, wala humrudii mtu uleule kila wimbo unapoanza. Mkicheza wimbo mmoja au miwili mnashukuriana na kuachana, ili kila mtu apate nafasi. Unakuja na shati la akiba, maana jasho lako si zawadi kwa mwenzako. Sakafu ikijaa unafupisha hatua, na anayeongoza hutazama kwanza pale anapompeleka mwenzake. Mkigongana na wengine, mnaomba radhi kabla ya kuuliza nani mkosaji. Tena humfundishi mtu katikati ya wimbo ambaye hakukuomba umfundishe. Lakini ukiumizwa, unasema papo hapo.

Adabu niliyoivunja ilikuwa kubwa kuliko zote hizo. Baada ya miezi minne ya mafunzo, nilitazama filamu ya mwaka 1941, Hellzapoppin', ambamo wachezaji wa Harlem wanarushana hewani kama vishada. Alhamisi iliyofuata, wimbo ukielekea mwisho, nilimvuta mwenzangu ghafla ili nimlaze juu ya goti langu. Hakujua ninachotaka. Mwili wake ulikwenda upande mmoja na mkono wake ukabaki katika kiganja changu upande mwingine. Alipiga ukelele.

Nami, badala ya kuomba radhi, nilisema: "Ungenifuata tu, usingeumia."

Alinitazama akiwa ameshika bega. "Hukuniuliza," akasema.

Nilichukua koti langu nikaondoka. Nyumbani nilijitungia utetezi: yeye mgumu wa kufuata, sakafu inateleza, na pengine wanamwonea mgeni mweusi. Huo wa mwisho ulinipa faraja zaidi, kwa kuwa mahali pengine nilikuwa nimebaguliwa kweli. Nilikuwa nimelichukua jeraha la haki nikalifanya ngao ya kosa langu.

Nilichokuja kusoma baadaye kilinivua ngao hiyo. Frankie Manning, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa kurushana hewani katika Lindy Hop, alisimulia kwamba kabla ya kuuonyesha mtindo huo kwenye mashindano pale Savoy, alifanya mazoezi na mwenzake, Frieda Washington, kwa siku kadhaa, wakitandika godoro sakafuni. Hata aliyeubuni hakumshtukiza mwenzake. Anayeongoza katika dansi hii hutoa mwaliko. Anayefuata huamua aupokee vipi, na mwaliko usiopokelewa haugeuzwi kuwa amri kwa nguvu za mkono.

Nilirudi ukumbini baada ya wiki tatu. Nilimwomba radhi bila kutaja sakafu. Alinisamehe. Kwa upumbavu wangu nikamwomba tucheze, akatabasamu na kusema hapana. Nilishukuru nikaenda kukaa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa amenipa vyote nilivyostahili: radhi hainunui wimbo.

Ndugu msomaji, yaelekea hutaingia kamwe katika ukumbi wa swing. Nami nisingeyaandika haya kama yangeishia huko. Miaka michache iliyopita, nikiwa tayari mhadhiri, nilikuwa na msaidizi wa utafiti, mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Kila nilipomwomba kazi ya mwisho wa wiki alijibu, "Sawa, Daktari." Nilimsifu mbele ya wenzangu kwa moyo wake wa kujituma. Siku moja nilisikia kwa mtu mwingine kwamba Jumamosi aliyoniandalia majedwali ndiyo siku alipozikwa bibi yake. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, aliinamisha kichwa: "Ningekuambiaje, Daktari, na wewe ndiye unayesahihisha tasnifu yangu?"

Nililikumbuka bega lile. Safari hii hakuna aliyepiga ukelele, na kwa sababu hiyo nilikuwa nimeendelea kuvuta kwa mwaka mzima. Maofisini mwetu wamejaa watu wanaosema "sawa, Mkuu" kwa sauti ileile, na wakubwa wanaoihesabu sauti hiyo kuwa ridhaa.

Siku hizi ninapoomba kazi isiyo ya lazima, ninasema wazi kwamba aweza kukataa, na kwamba kukataa hakutaingia katika alama wala katika barua ya mapendekezo. Najua maneno hayo peke yake hayatoshi. Wengi hawayaamini hadi wamwone mmoja wao akikataa na asidhurike. Mwezi uliopita kijana mmoja alinijibu, kwa woga, kwamba hataweza. Nilimshukuru, kisha nikakaa mwenyewe na majedwali hadi usiku.