Masters ya Nasari, Ndio. Kwani Iko Nini?

Wasee, nikisema naandika mpango wa masomo wa kuomba masters ya elimu ya chekechea, hapa Kondele napata majibu ya aina mbili. La kwanza ni kicheko. "Masters ya kufundisha a-e-i-o-u?" La pili linakuja polepole, mtu akikuangalia kwanza: "Lakini si wewe ni mwanaume?" Hilo la pili ndilo huniuma, kwa sababu anayeuliza ana jambo kichwani ambalo hataki kulisema.

Kicheko nakielewa. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, ilipeleka chekechea kwa kaunti. Walimu wa msingi na sekondari wakabaki na TSC. Kwa hivyo mwalimu wa PP2 na mwalimu wa Gredi 1 wanaweza kufunza kwenye kiwanja kimoja, wakanywa chai ya birika moja, na bado kila mmoja ana mwajiri wake na mshahara wake. Mtaani heshima inafuata mshahara, hilo mnalijua. Basi mwalimu wa nasari anaonekana kama yaya mwenye chaki.

Sasa huo mpango wenyewe. Ukiomba ufadhili wa serikali ya China, ama ule wa Korea Kusini, kati ya karatasi wanazotaka ni mpango wa masomo: utasoma nini, kwa nini, utachunguza nini, ukimaliza utafanya nini nayo. Nimesoma sampuli nyingi mtandaoni hadi macho yakauma. Zote ni ndugu. Zinaanza na "tangu utotoni nimependa watoto", zinapitia kwa Piaget, Vygotsky na Montessori kama mtu anayesalimia wazee matangani, halafu zinamalizia kwa kuahidi kubadilisha Afrika nzima. Manze, Afrika nzima! Na hata mtaa mmoja haujatajwa.

Kinachonichekesha ni kwamba huyo Montessori mwenyewe hakuanza hivyo. Mwaka 1907 alifungua darasa San Lorenzo, mtaa wa maskini kule Roma, akawaangalia watoto waliokuwa mbele yake. Hapa kwetu, Mombasa miaka ya 1980, Bi Swafiya Said alianza na swali la wazazi wa hapo hapo: mtoto wa Kiislamu atajiandaa vipi kwa shule ya msingi bila kuacha dini yake? Kutoka kwa hilo swali zikatokea chekechea za madrasa zilizofika hadi Zanzibar na Uganda. Mtaa mmoja, swali moja.

Langu nililipata kwenye shule ya kibinafsi niliyojitolea kufundisha, siitaji jina. Mtoto wa miaka minne alisimama akasema, "Adwaro dhi oko." Yaani anataka kwenda nje, choo. Mwalimu alimwelewa vizuri, ni Mjaluo pia, lakini sheria ya shule ilikuwa Kizungu pekee, kwa hivyo akamwambia aseme kwa Kizungu. Mtoto hakukijua. Akakaa chini. Mnajua kilichofuata. Na baada ya hapo huyo mtoto hakuongea darasani wiki nzima, nilihesabu.

Sera ya lugha kwa watoto wadogo si ngeni Kenya. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilishasema madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, na mtaala wa CBC ulioanza nchi nzima 2019 unasema vivyo hivyo. Shida ni kwamba eneo ni nini ukiwa Kondele? Ukishuka kwa matatu pale chini ya flaiova utasikia Dholuo, Kiswahili, Kiluhya, na Sheng ya kila aina kabla hujavuka barabara kuelekea Russia. (Wageni, Russia ni hospitali kuu ya Jaramogi. Msiulize tena.) Mradi wa PRIMR uliwahi kujaribu kufundisha kusoma kwa lugha ya mama, lakini ulitumia Kikamba kule Machakos na Lubukusu kule Bungoma, darasa la kwanza na la pili. Dholuo haikuwemo, na mtoto wa miaka minne hakuwemo. Hilo pengo ndilo mpango wangu unaingilia.

Kwa hivyo nimeandika hivi: chekechea tatu, moja ya umma na mbili za kibinafsi. Nitakaa nyuma ya darasa nihesabu kitu kimoja tu, mara ngapi mtoto anaanza mazungumzo yeye mwenyewe, na kwa lugha gani. Sitapima nani anajibu swali la mwalimu, kwa sababu kasuku pia hujibu. Kibali cha NACOSTI kinaingia kwenye ratiba, ruhusa za wazazi pia. Na nimeweka kazi ya darasani kati ya Januari na Aprili. Ukipanga kukusanya data Desemba, utahoji kufuli.

Sehemu iliyonichukua usiku mwingi ni ya wazazi. Mathe ana chekechea yake Manyatta, chumba kimoja cha mabati, watoto thelathini na mmoja. Nilimsomea swali langu akiwa anachambua omena. Hakupinga kwamba mtoto anahitaji lugha yake. Alisema tu, "Nyathina, nikiwaambia wazazi tumeacha Kizungu asubuhi, Januari watahamisha watoto. Halafu nitalipa kodi ya chumba na nini?"

Na ana haki. Mama anayeuza samaki Kibuye na kulipa karo kidogo kidogo kila wiki si mjinga. Anaona nani anapata kazi kwenye hii town na anaongea lugha gani akiipata. Utafiti unaomwita mshamba sitaki jina langu liwe juu yake. Ndiyo maana nimeongeza mahojiano na wazazi, na nimeyapa uzito sawa na yale ya darasani, hata kama inamaanisha kurasa zaidi na profesa fulani ataona nimejaza mambo mengi.

Kuhusu uanaume wangu, nimeandika sentensi mbili tu: kwamba milango itakuwa wazi muda wote nikiwa darasani, na mwalimu wa darasa atakuwepo kila saa. Wazazi wanaouliza wana sababu ya kuuliza, na napendelea kuwajibu kwenye karatasi kabla hawajaanza kunong'ona.

Mathe alitaka kujua darasa lake ni namba ngapi kati ya zile tatu. Nikamwambia halimo, siwezi kumchunguza mama yangu halafu niite hiyo sayansi. Alinyamaza, akaendelea na omena zake. Baadaye akaleta kipande cha karatasi chenye majina ya walimu watatu anaowajua, mmoja amezungushiwa duara. "Huyu," akasema, "enda uanze na yeye. Ni mkali, lakini watoto wake wanaongea."