Karte ao Feza Mkononi?

Katika konje ya mwezi wa nane 2024 tulipeleka watoto Livingstone, kuona maporomoko ya maji. Mimi nilisema: karte ya banki inatosha, mwizi wa njiani atapata nini? Mama watoto hakubishana. Pale Kasumbalesa alitoa dola zake 100. Kambiste akarudisha noti moja kwa sababu ya tundu kidogo. Ni vile, munajua. Zingine akazibadilisha kwacha, akazishona katika pindo la kikwembe. Nilimcheka mbele ya watoto.

Mwaka ule mvua ilikosa Zambia, maji ya Kariba yakapungua, umeme ukakatwa masaa mengi. Jioni tulipofika, mashini ya loji ilikuwa imezimika, ya banki vilevile. Watoto wane, na njaa. Mama watoto akageukia ukuta, akakata uzi kwa meno. Hakusema neno. Hiyo ndiyo iliniuma.

Kesho yake karte ilikubali. Mashini ikauliza: dola ao kwacha? Nikafinya dola, nikalipa zaidi. Ndugu, ufinye kwacha; mara nyingi banki yako inakata kidogo.

Mwaka huu tunaenda Ndola kwa shemeji. Uzi nimenunua mimi.