Kifaru Mweusi, Mwenyeji wa Mashariki ya Nile

Msafiri atokaye Jinja kuelekea Kamuli hufika Mafubira kabla hajatulia vizuri kitini. Hapa ni Busoga, nchi ya migomba, mahindi na miwa, na tangu Jinja ilipofanywa jiji mwaka 2020 nyumba zinazidi kusongamana kando ya barabara. Upande wa magharibi, si mbali, unapita mto Nile, ukiwa ndio kwanza umeliacha Ziwa Viktoria.

Mto huo, uendapo kaskazini, uliwahi kuwa mpaka wa wanyama wawili. Katika Uganda ya zamani kifaru mweupe aliishi magharibi yake, huko West Nile, na kifaru mweusi mashariki. Aliyeko Mafubira, basi, yuko ng'ambo ya mweusi. Lakini ili kuyafikia makao ya mwisho ya mnyama huyo hana budi kupita Iganga na Tirinyi hadi Mbale, kisha kukata mbuga kavu za Karamoja mpaka bonde la Kidepo, mpakani mwa Sudan Kusini. Safari ni ndefu, na mwenyeji amekwisha kuhama: vifaru weusi wa asili wa huko walimalizika mwaka 1983.

Msomaji asidanganyike na rangi, kwani wote wawili ni wa kijivu. Tofauti imo mdomoni. Mweupe ana mdomo mpana wa kulia nyasi. Mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka, ambao huushika na kuuvuta tawi kama kidole. Hula majani ya migunga na miiba yake, hata mimea yenye utomvu mkali ambayo wanyama wengine huiepuka. Macho yake ni hafifu, bali pua na masikio ni makali mno. Juu ya mgongo wake hupanda ndege aitwaye askari wa kifaru, na jina hilo halikutolewa bure: uchunguzi uliotangazwa mwaka 2020 kutoka Afrika Kusini ulithibitisha kuwa mlio wa ndege huyo humtahadharisha kifaru mtu anapomkaribia.

Tabia zake nyingine ndizo zilizomponza. Hupenda njia zile zile za kwendea majini, na hurudia kunya mahali pale pale, akiitawanya samadi kwa miguu ya nyuma ili wenziwe wapate habari zake kwa harufu. Jangili naye huzisoma habari hizo. Tena uzazi wake ni wa polepole. Jike huchukua mimba miezi 15 au zaidi, huzaa ndama mmoja, na hukaa miaka miwili na nusu hadi minne kabla ya kuzaa tena. Risasi moja huondoa kazi ya miaka mingi.

Na risasi hazikukosekana. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, kambi ya jeshi ya Moroto iliporwa na bunduki zikaenea Karamoja. Wakati huo watu walizungumza zaidi juu ya vifaru vya chuma, vile vya vita. Yule wa nyama na damu alikwisha kimya kimya. Kipusa chake, ambacho si kitu ila dutu ile ile ya kucha na nywele, kilitakiwa Yemen kwa mipini ya majambia na Asia ya Mashariki kwa dawa. Barani Afrika nzima vifaru weusi walishuka kutoka 65,000 hivi mwaka 1970 hadi chini ya 2,500 katikati ya miaka ya 1990. Ulinzi mkali umewarudisha kupita 6,000.

Uganda nayo ilianza upya mwaka 2005 katika hifadhi ya Ziwa, Nakasongola, kwa vifaru walioletwa kutoka Kenya, kisha wengine kutoka Florida, Marekani. Mgeni awatazame midomo: ni weupe wa kusini. Mkazi wa Mafubira atakaye kumwona mweusi porini huvuka mpaka aende Kenya, labda Nakuru, labda Ruma, karibu na ziwa lile lile liutoalo mto Nile.