Nusu Ibaki Morogoro

Mzee aliyenifundisha kazi tumemzika kwao Matombo. Msibani, vijana wawili wa chuo waliniuliza kama mtafiti wa mimea bado ana haja ya kuhangaikia ruzuku ya safari ya kwenda Ulaya, maana picha za mimea iliyohifadhiwa kule siku hizi ziko kwenye intaneti. Msiba si mahali pa mabishano, nikawajibu kwa kifupi. Jibu refu ni hili.

Nilizaliwa Mkuyuni, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, kwenye shamba la ukoo wa mama kama ilivyo desturi yetu Waluguru. Nilikulia kwenye migomba na michungwa, nikasoma, nikaajiriwa mjini Morogoro kama fundi sanifu katika hebaria, yaani nyumba ya kuhifadhia mimea iliyokaushwa. Utafiti nilikuja kuusomea baadaye. Lakini kazi yenyewe nilifundishwa na mtu asiyekuwa na shahada hata moja. Wote tulimwita Mzee. Yeye aliniita mpwa.

Uluguru kuna mvua. Ukiweka tawi bichi kwenye presi na kushinda siku tano msituni, majani yanaota ukungu, yanapukutika, unarudi mjini na vijiti. Mzee alikuwa na njia yake. Alilaza kila tawi ndani ya gazeti la Uhuru, akayapanga magazeti na kuyafunga kamba, akalitia furushi kwenye mfuko wa nailoni na kumimina spiriti hadi karatasi zilowe, kisha akaukaza mdomo wa mfuko. Tulikaa porini tulivyotaka, tukaja kukausha mjini, na majani yalikuwa bado yameshika tawi. Lebo iliandikwa kwa penseli, kwa sababu spiriti inafuta wino. Rangi ya ua iliandikwa palepale. “Mpwa, ua likishakauka linadanganya,” aliniambia. Jina la Kiluguru nalo lilikuwa lazima, pamoja na jina la kijiji.

Juu ya yote hayo alikuwa na sharti moja ambalo halikuwa na mjadala: kila mmea unachumwa zaidi ya tawi moja, kwa namba ileile, na nusu inabaki Morogoro. Awe mgeni wa cheo gani, nusu inabaki.

Sababu aliijua vizuri. Mwaka 1894 Franz Stuhlmann alichuma mimea Uluguru, na mwaka 1898 akafuata Walter Goetze. Makusanyo yao yalikwenda Berlin, na huko Adolf Engler na wenzake wakayapa majina ya kisayansi. Ua la Saintpaulia goetzeana, la milima yetu, linabeba jina la huyo Goetze. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943 mabomu yaliangukia hebaria ya Berlin, Dahlem, na sehemu kubwa ya makusanyo ikateketea. Kilichosalia kwa wengi wa wachumaji wa enzi ile ni nakala zilizokuwa zimekwishagawiwa hebaria nyingine. Mzee aliisimulia habari hiyo kwa uchungu, kana kwamba kilichoungua ni ghala la ukoo wake.

Sasa nije kwenye safari. Ruzuku yangu ya kwanza ilikuwa ya miezi mitatu, kwenda Kew, London, enzi bado wanaandika ile kazi kubwa ya mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012 ikiwa na spishi zipatazo 12,000. Nilikwenda na vielelezo vyetu kutoka msitu wa Kimboza, ule wa mawe ya chokaa barabara ya Matombo, na swali moja tu: mti huu ni uleule waliokwisha kuupa jina, au mwingine?

Waliniletea kielelezo cha asili, kile kilichotumiwa kuupa mti jina, ndani ya jalada lenye ukingo mwekundu. Kwa macho, mti ulikuwa mmoja. Nikaomba ruhusa, nikatoa ua moja dogo kwenye bahasha iliyogundishwa pembeni ya karatasi, nikalichemsha kwenye maji yenye tone la sabuni. Petali zililainika, zikafunguka. Nikazitenganisha kwa sindano chini ya hadubini, kisha nikafanya vivyo hivyo kwa ua letu. Ovari ya kwao ilikuwa laini kabisa. Ya kwetu ilikuwa na vinyweleo. Vijana wangu, picha haichemshwi. Picha inakuonyesha upande mmoja, ule aliouchagua mpiga picha. Itumieni kujiandaa, mjue mnakwenda kutafuta nini, halafu mwende.

Lakini mtu asiwadanganye kwamba ruzuku zote ni neema. Mfadhili mmoja alirudisha gharama baada ya safari, si kabla. Kwa mshahara wangu, tiketi ya ndege ilimaanisha kukopa SACCOS na kulipa riba kwa miezi huku London wakikagua risiti. Ruzuku ya namna hiyo inamfaa mwenye fedha tayari. Na kuna wenyeji wangu wa nchi nyingine, siwataji, waliochapisha makala kwa vielelezo nilivyowapelekea, jina langu likawekwa kwenye shukrani, pamoja na madereva. Hatukulia. Nusu ilikuwa kabatini Morogoro, namba zilezile, lebo zilezile. Tukaandika makala yetu, na hakuna aliyeweza kutupinga. Itifaki ya Nagoya ilipopitishwa mwaka 2010 kuhusu mgawanyo wa haki wa manufaa ya rasilimali kama hizi, Mzee alikuwa ameitekeleza miaka mingi.

Kwa hiyo mkuu mmoja aliponiambia makabati yale yanakula nafasi ya kompyuta, nilikataa, na ninakataa hadi leo. Kimboza imevamiwa na msedrela, mti wa kigeni uliopandwa na watu kisha ukasambaa wenyewe. Baadhi ya tulivyochuma pale sina hakika kama mtu atavichuma tena. Vilivyo kabatini ndivyo tulivyo navyo.

Wajumbe wa kamati za ruzuku, lipeni tiketi kabla mtu hajapanda ndege, na tengeni fedha ili mwenyeji naye aje Morogoro akae mezani kwetu. Nanyi vijana, ombeni hizo safari, lakini msifunge sanduku kabla ya nusu kuingia kabatini.