Mzigo Mdogo wa Kwenda Maskati

Katika mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, jina la Maskati hutajwa barazani kama litajwavyo jina la mtaa wa jirani. Jambo hili lina asili yake. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiomani waliingia bara kutoka Unguja, wakapita Tabora na Ujiji, wakavuka Ziwa Tanganyika hadi Kasongo katika nchi ya Kongo ya leo. Baadhi yao walioa huku na kuzaa huku, na watoto wao wakakua wakisema Kiswahili. Miaka ikapita, njia ile ile ikageuka. Baada ya mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964, na hasa baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwezi wa Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warejee kuijenga nchi, watu wengi wenye asili hiyo walihamia Oman. Walitoka Unguja, Tanzania bara na Kenya, na wengine walitoka Burundi, Rwanda na Kongo.

Mwenye kuhama hachukui nyumba. Huchukua nguo, vyeti, na picha chache zinazoingia katika sanduku. Ndiyo maana leo, katika nyumba nyingi za Maskati, zimo picha za rangi nyeusi na nyeupe zilizopigwa Unguja, Ujiji au Usumbura, kama ulivyoitwa mji wa Bujumbura wakati wa ukoloni. Aghalabu picha hizo hazina nakala ya pili mahali popote duniani, na wazee wanaozijua sura zilizomo wanapungua mwaka hata mwaka.

Kwa sababu hiyo familia moja ya Buyenzi iliamua kumtuma kijana wao Maskati, mwezi wa Mei, kwa dada mkubwa wa bibi yake, aliyeolewa huko tangu miaka ya 1970. Bibi mwenyewe magoti yake hayawezi tena safari ndefu. Alimpa mjukuu wake agizo moja tu:

"Mjukuu wangu, dada yangu ana albamu ya mama yetu. Niletee nizione nyuso zao kabla macho yangu hayajazimika."

KUFUNGA MZIGO

Kijana alikuwa na kamera moja na lenzi mbili, na kama vijana wengi alitaka kubeba kila alichonacho pamoja na alichoweza kuazima. Mama yake alimshauri aulize kwanza kila kifaa kina kazi gani katika safari hii. Lenzi kubwa ya kuvutia mambo ya mbali ikabaki nyumbani, kwa kuwa albamu haikimbii kama swala. Zikaenda kamera, lenzi moja ya kawaida, kisimamio chepesi cha miguu mitatu, betri tatu, chaja, kadi nne za kumbukumbu, diski ndogo ya kuhifadhia, brashi laini na kitambaa cha kufutia kioo.

Betri zina sheria yake, na ni vyema kila msafiri wa ndege aifahamu. Betri za akiba za aina ya lithiamu haziruhusiwi katika mizigo inayoingia tumboni mwa ndege, kwa sababu zikishika moto huko hakuna wa kuuzima kwa haraka. Hubebwa mkononi, huku ncha zake za chuma zimefunikwa kwa utepe au kila moja imetiwa katika mfuko wake, zisije zikagusana na funguo au sarafu. Kipimo cha kawaida ni wati-saa 100 kwa betri moja. Ile iliyo kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege. Hesabu yake ni rahisi: volti huzidishwa kwa ampea-saa. Betri ya kamera yenye volti 7.2 na ampea-saa 2 ina wati-saa 14 tu, kwa hiyo haina tatizo. Benki ya umeme ya kuchajia simu, yenye miliampea-saa 20,000 kwa volti 3.7, hufikia wati-saa 74, nayo ni betri kama nyingine: mahali pake ni mkononi.

Soketi za umeme nazo husahaulika. Katika Burundi plagi ni za pini mbili za mviringo, lakini Oman hutumia zile za pini tatu bapa, kama Kenya, Uganda na Tanzania. Asiye na kiunganishi atafika na chaja nzima isiyo na pa kuchomeka.

Mama alikishughulikia kifuko cha kamera. Zamani watu walizoea kuvizungushia vifaa mifuko ya plastiki. Siku hizi mazoea hayo humletea msafiri taabu mpakani, kwani Rwanda iliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, na Tanzania mwaka 2019. Mama alichukua kipande cha kitenge na blanketi kuukuu, akashona mfuko wenye matabaka mawili, mnene wa kutosha kuzuia mgongano. Ndani akatia vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyopatikana katika maboksi ya viatu vipya, ambavyo watu wengi huvitupa. Kisha akashona kijaluba cha kadi chenye mifuko miwili, mmoja kwa uzi mweupe na mwingine kwa uzi mwekundu. Kadi tupu hukaa kwenye uzi mweupe, na iliyojaa huhamia kwenye uzi mwekundu. Kwa njia hiyo hata mtu aliyechoka, usiku, hawezi kuifuta kadi yenye kazi akidhani ni tupu.

Kwa wale ambao bado wanatumia mikanda ya filamu, iko hadhari ya ziada. Kadi za kumbukumbu hazidhuriki kwa eksirei za uwanja wa ndege, lakini filamu ambayo haijasafishwa huweza kuharibika, hasa katika mashine mpya zinazoupiga mzigo picha kutoka kila upande. Filamu na ibebwe mkononi, na mwenyewe amwombe ofisa kwa adabu aikague kwa macho.

Mwisho baba aliandika orodha ya vifaa vyote pamoja na nambari zake, akaambatanisha risiti. Mtu akirejea na kamera aliyotoka nayo, karatasi hiyo humwonyesha ofisa wa forodha kwamba haikununuliwa ng'ambo.

KATIKA NCHI YA MILIMA MIKAVU

Maskati ni mji mrefu uliobanwa kati ya bahari na milima ya mawe isiyo na majani. Nyumba zake nyingi ni nyeupe. Penye bandari ya zamani zimesimama ngome mbili, Al Jalali na Al Mirani, zilizojengwa na Wareno katika karne ya 16. Wareno wenyewe walitolewa mwaka 1650. Katika soko la Muttrah harufu ya ubani hukutana na ya iliki, na mgeni kutoka Buyenzi hashangai kusikia wazee wawili wakipatana bei kwa Kiswahili.

Joto la mwezi wa Mei hufikia nyuzi 40, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Siku ya kwanza kijana alitoka katika chumba chenye kiyoyozi, akainua kamera, naye akaona ukungu mtupu: kioo kilichopoa kilikuwa kimekutana na hewa ya moto na kulowa. Tangu siku hiyo alikuwa akiiacha kamera ndani ya mfuko uliofungwa kwa muda wa nusu saa hivi, ipate joto polepole, ndipo aifungue. Alijifunza pia kutoiacha ndani ya gari lililosimama juani.

Siku ya Ijumaa jamaa zake walimchukua hadi Nizwa, mji wa ndani wenye ngome ya mnara wa mviringo ya karne ya 17. Huko hufanyika mnada wa mbuzi: wanunuzi huketi na kusimama kwa duara, na wauzaji huwazungusha wanyama mbele yao wakitaja bei kwa sauti. Vumbi hupanda. Hapo iliyo bora ni lenzi moja isiyobadilishwa, maana kamera ikifunguliwa katika vumbi huingiza punje zitakazoonekana katika kila picha baadaye. Karibu na mji huo hupita mfereji wa Falaj Daris, mmojawapo wa mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006.

Kila alipotaka kumpiga mtu picha aliomba ruhusa kwanza, na akina mama hakuwaelekezea kamera bila idhini yao. Majengo ya jeshi na ya polisi aliyapita kamera ikiwa mfukoni. Heshima hiyo haigharimu kitu, na humwepusha mgeni na matata.

ALBAMU YA MAMA

Kazi iliyompeleka aliifanya siku ya tano, ukumbini kwa bibi mkubwa. Aliingia akasema, "Shikamoo, Bibi," akaitikiwa, "Marahaba, mwanangu," na baada ya tende na kahawa chungu albamu ikaletwa imefungwa katika kanga.

Kijana aliiweka juu ya meza karibu na dirisha lisilopigwa na jua, akaisimamisha kamera juu yake sambamba kabisa na ukurasa, wala hakutumia taa ya kamera, kwa kuwa mwanga wake hurudi kutoka kwenye karatasi yenye kung'aa na kufuta sura. Kila picha aliipiga mara mbili. Zile zilizotoka katika pembe zake bila kulazimishwa aliziinua na kupiga na mgongo wake, kwa sababu mgongo wa picha ni cheti chake: hapo ndipo pana muhuri wa studio, mwaka, na mwandiko wa waliokwisha kufa. Wakati huo huo simu yake ilikuwa mezani ikinasa sauti, na bibi mkubwa akimtaja kila mtu kwa jina na ukoo.

Walifika kwenye picha moja ya watoto watatu mbele ya pazia lililochorwa mitende. Mgongoni paliandikwa "Usumbura, 1958", bila jina hata moja. Kijana alimtambua bibi mkubwa na marehemu kaka yao. Wa tatu, mtoto mdogo aliyeukunja uso, hakumjua.

"Huyu ni bibi yako," alisema bibi mkubwa. "Hakutaka kusimama. Mkono huu unaouona ni wa mama, amemshika kwa nyuma ya pazia."

Katika nyumba ya Buyenzi ilikuwa ikijulikana kwamba bibi hana picha yoyote ya utoto wake. Yeye mwenyewe hakujua kwamba aliwahi kupigwa.

Jioni ile kijana hakulala kabla ya kuihifadhi kazi. Picha ya kamera ya megapikseli 24 huchukua kama megabaiti 10, hivyo kadi moja ya gigabaiti 32 ingeweza kuzibeba zote na nyingine 2,000 zaidi. Nafasi ilikuwapo tele. Kilichomhangaisha ni kuwa na vitu vyote katika kadi moja. Alifuata kanuni ya wapiga picha wa siku hizi: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyingine. Ya kwanza ilibaki katika kadi, kwenye uzi mwekundu. Ya pili aliitia katika diski, akazifungua picha moja moja kuhakikisha kwamba zinasomeka. Ya tatu, pamoja na sauti za majina, aliiacha katika kompyuta ya binamu yake huko huko Maskati, ambaye pia aliipandisha katika hifadhi ya mtandaoni. Hakutegemea kuzituma kwa simu kama picha za kawaida, kwa sababu programu za ujumbe huzibana na kuzipunguza ubora.

Wakati wa kurudi, kadi zilikuwa shingoni mwake ndani ya kijaluba, na diski ilikuwa katika mkoba wa mkononi, mbali na kadi. Begi lake kubwa, pamoja na kisimamio, lilikawia njiani siku tatu. Aliifikia Buyenzi na nguo alizovaa, lakini hakuna picha iliyopotea.

Bibi alivaa miwani, akaitazama picha ya watoto watatu iliyokuwa imechapishwa kwa ukubwa wa daftari. Hakusema neno kwa muda. Kisha aliweka kidole juu ya ule mkono wa nyuma ya pazia, akauliza, "Na huu ni wa mama?"

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Picha bila majina ni mali ya namna hiyo, na picha yenye nakala moja iko katika hatari ile ile hata ikiwa na majina. Mwenye jamaa ng'ambo na asingoje. Na abebe kamera ndogo, kadi za akiba na kijaluba cha kuzitia, akakae na wazee wakiwa bado wanakumbuka. Na kabla hajarudi, aache nakala moja kule alikozitoa.